Kikapu Kisichotua

Wiki iliyopita mjukuu wangu alishuka kwenye gari moshi pale Gulwe na kopo kubwa la rangi, akanitangazia tangu mlangoni kwamba mwaka huu chumba changu kitang'aa mpaka majirani wanionee wivu. Nikamshukuru, nikamwekea uji. Uji haujapoa, alikwisha fungua kopo na kuchovya brashi. Ukuta wenyewe unaujua, rafiki yangu, umekaa humu mara nyingi: masizi ya kibatari huko juu, mafuta ya kichwa changu pale ninapoegemea, na ufa mmoja mrefu unaotoka dirishani hadi sakafuni. Nikamwuliza, "Hukwangui kwanza?" Akacheka. "Bibi, rangi za siku hizi zinafunika kila kitu." Nikamchapa fimbo mguuni, wala si ya mzaha, brashi ikamtoka mkononi.

Alinuna, lakini aliokota kisu akaanza kukwangua. Ile sauti ilipoanza kutoka ukutani, krr, krr, krr, ilinibidi nitoke nje na kigoda changu nikae kivulini. Watu wanasema mimi ni mkali. Ni kweli, na sina mpango wa kubadilika. Lakini kaa hapa nikusimulie ukali huu niliutoa wapi, maana sauti ile naijua tangu sijavunja ungo, na kila nikiisikia meno yananiuma.

Tulikaa chini ya milima, pale njia ya Kibakwe inapoanza kupanda, wakati wa Mdachi, reli ikiwa bado haijafika huku. Nyumba yetu ilikuwa tembe ya Kigogo, ndefu, ya kuinamia mlangoni, na juu yake paa bapa la udongo ambako sisi watoto tulianika mlenda na kufukuza kuku. Mvua zikishakwisha, uwele ukishaingia ghalani, wanawake walianza kazi ya kuta za ndani. Nilikuwa naupenda msimu ule, usione nasema mabaya tu. Nakumbuka harufu ya mavi mabichi ya ng'ombe yakikandwa na udongo wa kichuguu. Nakumbuka akina mama wakikanyaga udongo shimoni, nguo zimepandishwa magotini, wanaimba nyimbo za kuwasema waume zao, na waume wenyewe wako zizini wanajifanya hawasikii. Mchana tulikula ugali wa uwele na maziwa ya mgando, mikono ikinuka udongo hata baada ya kunawa.

Mkuu wa kazi ile alikuwa bibi yangu, mama yake baba. Usidhani alikuwa bibi wa kubembeleza wajukuu. Mkono wake ulikuwa mzito na hakuuchelewesha. Ukipaka udongo mpya juu ya masizi, kofi. Ukiziba ufa bila kuupanua kwanza, kofi jingine. Tulijifunza kwa mashavu yetu kwamba ukuta hupigwa maji kwanza na kuachwa unywe. Kisha hukwanguliwa kwa kipande cha jembe bovu mpaka udongo uliokufa uanguke wote. Ufa huchimbwa ukawa mpana, ukashindiliwa udongo wa kichuguu, ukaachwa ukauke, halafu ukasuguliwa kwa jiwe la mtoni hadi kiganja kipite bila kukwaruzwa. Hapo ndipo unaruhusiwa kufikiria kupaka. "Unachokificha ukutani," alikuwa akisema, "utalala nacho chumba kimoja."

Jirani yetu alikuwa mwanamke wa Kondoa, Mrangi, mke wa mchuuzi wa chumvi. Alisali sala zake tano, alifunga kitambaa kichwani hata akiwa anakanyaga udongo, na alikuwa mtani mkubwa wa bibi. Bibi akimwona tu humwambia, "Ninyi Warangi mnaswali sana kwa sababu mmeiba sana." Naye hujibu, "Na ninyi Wagogo hamswali kwa sababu hamna cha kuombea ila mbuzi." Wangeweza kutukanana hivyo asubuhi nzima, wakaishia kugawana ubuyu. Yeye ndiye aliyejua kuchoma chokaa. Boma lilimwagiza chokaa kila mwaka, na ndiyo maana mikono yake ilikuwa imebabuka.

Boma lilikuwa juu ya kilima kidogo, kando ya njia iendayo magharibi. Halikuwa boma kubwa la kutajwa mahali popote. Yalikuwa majengo matatu manne ya miti na udongo, uwanja uliofagiliwa, na nguzo ya bendera. Aliishi hapo akida, mtu wa pwani aliyevaa kanzu safi hata wakati wa vumbi, na askari wachache chini ya shaushi wao. Shaushi alikuwa mtu wa mbali, hata Kiswahili alikisema kwa shida, na hakuona sababu ya kukijua vizuri zaidi kwa kuwa alikuwa na kiboko. Asubuhi tukiwa tunakamua, upepo ukitokea upande ule, tulikisikia. Hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, ndivyo ilivyoitwa adhabu yenyewe, na mtoto wa kwetu alijua kuhesabu mpaka hapo kabla hajajua kuhesabu ng'ombe wa baba yake. Ng'ombe alizoea akaacha kushtuka. Mama hakuzoea. Kila pigo alifumba macho, na maziwa yakamwagikia nje ya kibuyu.

Baba yangu aliitwa kufyeka njia siku mvua ya kwanza ilipoanguka. Wewe ni mkulima, unajua mvua ya kwanza ya Ugogo ni kitu gani. Ukiipoteza hiyo, huenda umepoteza mwaka. Baba alipanda mbegu kwanza, ndipo akaenda, amekwisha chelewa. Mvua ilikuwa bado inanyesha alipofika bomani, hivyo hawakumpigia uwanjani kama kawaida. Shaushi hakutaka kulowa. Walimwingiza katika chumba cha shauri, kile ambamo akida alikaa kuamua kesi za watu, wakamfunga kwenye nguzo karibu na ukuta. Waliokuwapo walisema hakulia, na hilo ndilo lililomponza. Shaushi alimwuliza kama ameshiba. Hakujibu. Akaongezwa hamsa ishirini nyingine juu ya ile.

Walimrudisha jioni juu ya ngozi ya ng'ombe. Mama alipofunua mgongo, hapakuwa na mgongo. Alikufa kabla ya mapambazuko, mkono wake umeshika kifundo cha mguu wa bibi, na bibi hakuuondoa mguu wake pale hata baada ya mkono kupoa.

Hatukufanya lolote. Nakuambia hivi hivi bila kupamba, kwa sababu siku hizi vijana wanapenda kusikia kwamba babu zao walikuwa wanavizia askari kila kichaka. Tulizika, tukapalilia uwele wake. Ulistawi vizuri mwaka ule, nao tukaula huku tunalia.

Kisha ndama wakaanza kufa. Mmoja alizaliwa amekufa, akafuata mwingine, halafu ng'ombe mkubwa mweupe aliyependwa na baba akatupa mimba njiani. Si zizini kwetu tu, na kwa jirani wa juu, na kwa mjomba. Mganga alipoulizwa hakuzunguka sana. Alisema upepo mbaya umeingia katika nchi, na unatoka katika damu ya mtu iliyoachwa ukutani pasipo kuondolewa. Mama aliposikia alijifunika uso. Bibi aliuliza neno moja tu, "Ukuta gani?" ingawa alijua kama sisi sote tulivyojua.

Huko bomani nao walikuwa na shida na ukuta huo huo. Askari walikuwa wameupaka chokaa, wakadhani mambo yamekwisha. Lakini walipaka juu ya damu bila kukwangua. Siku ya kwanza ulikuwa mweupe. Ikaja mvua, ukuta ukanyonya unyevu, na doa likatoka, la rangi ya kutu, pale pale mgongo ulipokuwa. Wakapaka tena. Likarudi. Askari mmoja aliapa kwamba halali tena katika jengo lile. Msimu wa kiangazi ulipoingia, akida akapata habari kwamba Bwana mkubwa, Mdachi mwenyewe, anapita kukagua maboma, naye atakaa katika chumba hicho. Kifo cha baba hakikuwa kimesemwa huko juu.

Akida alikuja kwetu mwenyewe, akisimama mbali na mavi ya ng'ombe. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia. Alimwambia bibi kwamba anataka wanawake wanaojua kazi ya kuta waje kukitengeneza chumba cha shauri kabla ya kupaka chokaa. "Bibi, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta," akasema, akitabasamu kana kwamba ametuletea zawadi.

Bibi alimtazama kanzu kuanzia chini hadi juu. "Tutakuja," akasema. "Tutakwangua vizuri."

Mjomba, kaka yake mama, aliyekuwa amekaa pembeni, alishtuka kwa jinsi alivyokubali upesi. Akida alipokwisha ondoka, alimwuliza kama ana akili timamu. Bibi akamjibu kwamba damu ya mwanawe haitafunikwa kwa chokaa ya mtu yeyote. Itatoka pale, yote, na itavushwa mpaka wa nchi yetu. Hapo mjomba alielewa.

Tuliingia katika chumba kile asubuhi: bibi, mama, jirani wa Kondoa aliyetakiwa kwa ajili ya chokaa, wanawake wengine wa kwetu, na mimi wa kuchota maji. Kilinuka unyevu na tumbaku. Nguzo ilikuwa bado pale, imekatika gome kwa kamba. Shaushi alikaa mlangoni juu ya sanduku, kiboko mapajani, anakula karanga. Bibi alitandika ngozi chini ya ukuta ili pasianguke kitu sakafuni, akaniamuru nimwagie maji doa. Nikamwagia. Ukuta ukanywa, na ile rangi ya kutu ikaamka, ikawa nyekundu kidogo tena. Mama alitoa mlio. Bibi akamzaba kofi palepale, mbele ya watu, akamtia kipande cha jembe mkononi. "Kwangua," akamwambia. "Mumeo huyu. Unataka akwanguliwe na nani?"

Ndipo nikaisikia sauti hiyo kwa mara ya kwanza kama ninavyoisikia leo. Krr, krr. Chokaa ilidondoka kwanza kwa maganda, halafu tabaka la pili la chokaa, halafu udongo wenyewe. Damu ilikuwa imeingia ndani kuliko tulivyodhani. Kila tulipofikiri tumefika mwisho, udongo ulioonekana ulikuwa bado mweusi. Bibi alichimba mpaka fito zikaonekana, akazikwangua hizo pia. Jirani alipumzika kidogo kufuta jasho, na kiboko kikampata shingoni kutoka mlangoni bila hata shaushi kusimama. Alishika shingo, akaguna, akaendelea. Chini chini akamwambia bibi, "Mtani wangu, leo nimeswali mara ya sita." Bibi alicheka. Sijui alipata wapi cheko katika chumba kile, lakini alicheka, na shaushi akaacha kutafuna kwa muda akitutazama.

Udongo wote wa damu uliingia katika kikapu kimoja. Tulijaza shimo la ukutani kwa udongo wa kichuguu, tukashindilia, na ilipofika jioni ukuta ulikuwa tayari kuachwa ukauke. Shaushi alimwuliza bibi anachukua nini. "Takataka," akasema. Akapita nacho.

Sasa nikueleze desturi yetu, maana wanaoijua tumebaki wa kuhesabika. Upepo mbaya ukiingia katika mifugo, wanawake ndio huutoa. Siku hiyo wanawake huwa wanaume. Huvaa migolole ya waume zao, yale mashuka ya begani, hushika mikuki na marungu, huswaga ng'ombe, hutembea kwa kishindo na kutukana, na mwanamume wa kweli akionekana njiani hupigwa. Wanaume hukaa ndani kama wari wa unyago. Wanawake huucheza ule upepo mpaka mpakani, upande wa machweo, wakautupa katika bwawa. Na kuna miiko. Mzigo hautui chini mpaka ufike. Aliyetoka hamjibu mwanamume. Na hakuna kutazama nyuma.

Njia ya kwenda machweo ilipita chini ya boma. Mjomba alitaka aende kumwarifu akida usiku ule ule, aseme ni ngoma tu ya wanawake. "Ukamwambie nini?" bibi akamwuliza. "Kwamba tumebeba katika kikapu damu waliyoimwaga? Kaa ndani, wewe leo ni msichana." Watu walicheka, mjomba naye akacheka. Hakuna aliyekumbuka kwamba huko bomani walikuwa hawalali vizuri. Habari za vita vya kusini zilikuwa zimewafikia, za watu waliokunywa maji ya dawa wakawaendea askari bila kuogopa risasi. Sisi vita vile havikutuhusu. Lakini shaushi angejuaje?

Tuliondoka jua linachomoza. Bibi alivaa mgolole wa baba, ule wa kuchezea ngoma, na mkono wa kulia alishika rungu lake. Kikapu kilikuwa kichwani. Mimi nilitangulia na fimbo, naswaga ng'ombe mweupe, kwa kuwa mtoto wa marehemu ndiye hufungua njia. Vumbi lilipanda, ng'ombe walilia, wanawake walipiga vigelegele na kuimba kwa sauti nzito ya kiume, na mikuki ilikuwa inametameta kwa jua. Nilijiona mkubwa. Mpaka leo, katika maisha yangu yote, sijawahi kujiona mkubwa kama asubuhi ile.

Kutoka kilimani walituona hivi: kundi la watu wenye migolole na mikuki, wanapiga kelele, wanakuja moja kwa moja kwenye boma. Tarumbeta ililia. Akida alitoka mbio na kanzu imefungwa kiunoni, akarudi ndani mbio vilevile. Askari walishuka na bunduki, shaushi mbele. Alipokaribia aliona kwamba ni wanawake, niliona uso wake ukibadilika, na nadhani hapo ndipo hasira ilipompanda zaidi, kwa kuwa alikuwa ameogopa mbele ya watu wake. Alisimama mbele ya bibi njiani. "Weka chini!" akapiga kelele. "Weka chini kikapu!"

Bibi hakumjibu. Mwiko ni mwiko. Alipita kando yake kama anavyopita mtu kando ya kisiki.

Kiboko kilimpiga mgongoni, mgolole ukachanika. Hakusimama. Pigo la pili lilimpata shavuni. Bibi aliigeuza shingo bila kukigeuza kile kikapu, akakishika kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akamtandika shaushi rungu la mdomo. Nilisikia meno. Walimrukia wawili, mmoja akamkita kitako cha bunduki mbavuni, na alipokuwa anaanguka alipiga kelele jina la mama. Mama alikipokea kikapu hewani.

"Hakitui!" wanawake wakaitikia. "Hakitui!"

Mama alikimbia. Walimkuta njiani wakampiga mkono kwa kitako cha bunduki, nikauona ukikatika chini ya kiwiko, ukining'inia. Kikapu kiliinama, udongo kidogo ukaanza kumwagika begani mwake. Jirani wa Kondoa hakuwa mchezaji. Alikuwa amesema tangu jana kwamba yeye si wa mila zetu, akatufuata kwa mbali na kibuyu cha maji, akitutazama tu. Alikitupa kibuyu. "Bismillahi!" akasema, akakinyakua kikapu pamoja na ule udongo wa begani, akakimbia nacho, kitambaa kikimvuka kichwani. Kiboko kilimfuata miguuni, akaanguka magotini, akatembea kwa magoti, kikapu kiko juu kwa mikono miwili. Magoti yake yalikuwa yakiacha alama mbili nyekundu mchangani. Aliponifikia alinitazama. Nilikuwa nimemwacha ng'ombe na nimesimama tu, mkojo unanitoka.

"Shika, mwanangu," akasema. "Hakitui."

Nikashika. Kilikuwa kizito kuliko nilivyofikiri. Nikakimbia.

Nyuma yangu nilisikia yote. Nilisikia kiboko, na mikuki ikigongana na bunduki, na sauti za wanawake ninaowajua wakitukana na kulia. Halafu nikasikia mlipuko mmoja wa bunduki, na baada yake kila kitu kikanyamaza, hata ng'ombe. Shingo yangu ilitaka kugeuka. Nakuapia, ilitaka kugeuka yenyewe. Niliuma mdomo mpaka nikaonja damu, nikaendelea kukimbia. Kisha kule nyuma wimbo ukaanza tena, sauti chache, nikasikiliza kama ya bibi imo. Sikuisikia, nikajiambia upepo umeichukua.

Bwawa lilikuwa limebaki na maji ya mvua, yenye matope, na ndege wawili watatu. Niliingia hadi kiunoni, nikakizamisha kikapu chenyewe pamoja na udongo wa baba. Maji yalifanya rangi ya kutu kwa kitambo, kisha yakawa maji. Nilinawa uso. Nilipotoka ndipo niliporuhusiwa kugeuka.

Nikarudi nilikotoka. Bibi alikuwa amelala katikati ya njia, chini ya boma, katika mgolole wa baba. Wanawake walikuwa wamemzunguka na askari hawakuthubutu tena kusogea. Mama alikuwa amekaa kichwani pake, mkono wake uliovunjika uko mapajani. Nilipofika, kitu cha kwanza alichoniuliza, kabla hata hajaniambia bibi amekufa, kilikuwa, "Kimefika?" Nikamwambia kimefika. Akafumba macho ya bibi kwa mkono mzima.

Kesho yake walitutoa majumbani kwa kiboko twende tukamalizie kazi. Ndiyo, rafiki yangu, kazi ya ukuta. Tulisugua kwa jiwe la mtoni pale tulipokuwa tumeziba, mpaka kiganja kikapita bila kukwaruzwa, na jirani akapaka chokaa huku amepiga magoti yaliyofungwa matambara, kwa kuwa hakuweza kusimama. Siku Bwana mkubwa alipofika, alikaa katika chumba kile akanywa kahawa. Niliyachota mimi maji yake. Alipitisha kiganja ukutani, akasema neno kwa lugha yake, na akida akatutafsiria kwa furaha kwamba Bwana anasifu kazi nzuri ya wanawake wa hapa. Shaushi alisimama mlangoni, mdomo umevimba. Doa halikurudi tena, mvua zote zilizofuata. Ng'ombe mweupe alizaa mwaka uliokuja. Kama ni kwa sababu ya kikapu au kwa sababu ya majani mazuri, sibishani na mtu.

Vyote vile havipo leo. Mdachi aliondoka kwa vita vyake na Mwingereza, boma likaachwa, watu wakang'oa nguzo zake kwa kuni, na mvua ikazishusha kuta moja moja mpaka pakawa kichuguu tu. Reli ilikuwa imefika kabla Mdachi hajaondoka. Tembe zimekwisha, watu wanataka bati, na hakuna anayekanyaga udongo kwa nyimbo za kumsema mume. Ile desturi ya kuvaa migolole niliwaeleza wasichana wa hapa wakacheka hadi wakashika mbavu. Jirani wa Kondoa alikufa mzee, magoti hayajanyooka, na nilimwosha mwenyewe pamoja na wanawake wa dini yake, nao hawakuniuliza kwa nini mimi.

Lakini kinachoniuma si hicho. Damu ya baba ilitolewa ukutani. Ya bibi ilimwagika barabarani, katika vumbi, mahali pasipo ukuta wa kukwangua, na baada ya siku ile akida alipiga marufuku wanawake kukusanyika, kwa ngoma wala kwa msiba. Hakuna aliyeuchota udongo ule. Miguu iliukanyaga, punda wa wachuuzi waliukanyaga, upepo wa kiangazi ukaupeperusha nyumbani kwa kila mtu. Mwanamke aliyetufundisha kwamba damu haiachwi mahali, yeye tulimwacha. Nimekuwa na hasira hiyo tangu nikiwa mtoto hadi leo kichwa kimejaa mvi, na bado haijachoka.

Jioni ile mjukuu wangu alimaliza kukwangua. Masizi yote yametoka, ufa ameupanua vizuri, nilipitisha kiganja nikaridhika, nikamwambia sasa anaweza kuchovya brashi yake. Alikuwa amekusanya vumbi la ukutani katika kikapu, amelibeba hadi mlangoni anatafuta mahali pa kulimwaga.

"Bibi," akaniuliza, "hiki nikitue wapi?"

Lilikuwa vumbi la kibatari tu na mafuta ya nywele zangu, najua. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, magoti yananiuma. Kabla sijafungua mdomo, nilikuta mikono yangu yote miwili imekwisha nyooka kukipokea.